Mstari wa nyuma

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema wiki nzima unawafundisha madansa staili, siku ya shoo makofi yote ya mwimbaji, wewe uko nyuma ya pazia unahesabu moja, mbili, tatu. Kisha ukaniuliza: "Mama, mtunzi wa dansi akiondoka, anaacha nini?"

Ngoja nikupe habari za Michael Bennett, mtunzi wa dansi wa Marekani. Alizaliwa Buffalo, jimbo la New York, mwaka 1943, akaikacha shule kabla ya kumaliza ili akacheze katika West Side Story, mchezo wa jukwaani wa nyimbo na dansi uliokuwa ukizunguka Ulaya. Yaani alianzia mlikoanzia nyote, mstari wa nyuma.

Januari 1974 madansa wawili walimwita wakutane na wenzao. Walianza usiku wa manane, watu wametoka kazini. Wakacheza kwanza, miili ikapata moto, halafu wakaketi chini duara, kinasa sauti kikiwa wazi, kila mmoja akaeleza: kwao kulikuwaje, nani alimcheka, alianza lini kucheza. Kulipambazuka wangali wanazungumza. Mwingine angewapa hatua akaenda zake. Yeye alikaa akawasikiliza.

Humo ndimo ilimozaliwa A Chorus Line, mchezo wake wa nyimbo na dansi, 1975. Ni usaili tu: vioo nyuma, mstari mweupe sakafuni, watu 17 wanagombea nafasi 8. Mwishoni wanatoka wote na kofia na mavazi ya rangi ya dhahabu, wanacheza sawasawa mpaka humjui tena yule aliyekutoa machozi muda mfupi uliopita. Hapo moyo wangu huuma kila mara, maana nakuona wewe. Ilichezwa Broadway, kwenye majumba makubwa ya maonyesho ya New York, mara 6,137, hadi 1990. Bennett mwenyewe UKIMWI ulimchukua Julai 1987, ana miaka 44 tu, na karibu miaka mitatu zaidi vijana waliendelea kusimama juu ya mstari ule.

Kuna la mama kwa mwana hapa. Wale waliosimulia maisha yao walisaini kuyatoa kwa dola moja moja. Baadaye Bennett aliwamegea sehemu ya mapato, lakini wapo waliobaki na kinyongo, nami siwalaumu. Soma karatasi kabla hujasaini, mama, na madansa wako uwalipe.

Sasa swali lako. Katika wale wa kwanza kwenye mstari alikuwamo Baayork Lee. Ameshazunguka nchi nyingi akiwafundisha vijana hatua zile zile, na iliporudi Broadway mwaka 2006 ni yeye aliyezirudisha jukwaani. Bennett hayupo, ila hesabu zake zimo miguuni mwa mwanamke yule, na kwa wote waliofundishwa naye.

Juzi alasiri nilikuwa kibarazani nachambua mchicha. Binti wa jirani alikuwa anamfundisha mdogo wake ile staili uliyowatungia maharusi mwaka jana: mguu wa kushoto, kusita, bega. Hajui imetoka kwako. Pale pa kusita alikuwa anapakimbia. Nikaweka ungo chini, nikainuka, nikamwonyesha kama ulivyonionyesha jikoni.

Mama yako,
Tanga