Zile dumplingi zenye supu ndani
Dada umeuliza kama unaweza kumpeleka mama na watoto Din Tai Fung, ule mgahawa wa dumplingi, mkiwa Taipei kule Taiwan, nendeni tu ila wahini, foleni ya mchana ndefu sana. Zile xiaolongbao, ndo hizo dumplingi, vifuko vya unga vyenye nyama na supu ndani, zenye mikunjo 18, usimwache mtoto aitie nzima mdomoni ataungua kabisa, weka kwenye kijiko, itoboe kwa kijiti mpaka supu itoke, ipoe, anywe kwanza ndo ale na tangawizi ya kwenye siki na soya. Ile supu ni mchuzi ulioganda wanaufungia humo na nyama, ukipigwa mvuke unayeyuka. Ila za kawaida ni nguruwe jamani, kama mama hali nguruwe ulizeni mapema, hata za kamba wa baharini huwa wanachanganya na nguruwe. Mama yangu alichukua tambi za supu ya ng'ombe, bakuli likabaki jeupe.