Nilipitiliza muda Marekani. Sasa mke wangu ananiombea viza

SWALI: Shangazi, shikamoo. Niliingia Marekani Agosti 2017 kwa viza ya matembezi, uwanja wa ndege nikapewa miezi sita. Nikakaa hadi Mei 2021, mama alipopooza nikarudi kumuuguza. Mwaka juzi nilioa Mmarekani, na ombi lake la I-130, la kumwombea mume, limekubaliwa. Sasa fomu ya kuomba viza, DS-260, inauliza kama niliwahi kukaa kupita muda. Rafiki yangu ananiambia, "Pasipoti ile ilishakwisha, unayo mpya, andika hapana." Niandike nini? – Msomaji, Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako simtukani, ila asikujazie fomu. Pasipoti ilikwisha, lakini vidole ni vile vile ulivyobonyeza kwenye kioo siku ya kuingia, na siku ya kutoka shirika la ndege lilipeleka jina lako. Ukiandika "hapana", kosa lenye mwisho utalifunika kwa kosa la maisha. Kudanganya ili upate viza hakuna miaka ya kungoja ikaisha.

Lako lina hesabu. Kwa sheria ya 1996, aliyekaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 akaondoka kabla ya mwaka hufungiwa mlango wa kurudi miaka 3. Aliyefikisha mwaka, miaka 10. Ruhusa yako iliisha Februari 2018. Kumi yako imeanza siku uliyopanda ndege, itaisha Mei 2031, na ndoa haiifuti.

Litakuuma hili, lakini bora ulisikie kwangu: kwa kuwa uliingia mlangoni na viza yako, ungeoa raia ukiwa kule kule, ungeweza kuomba grini kadi bila kutoka. Adhabu hii hushika pale mtu anapoondoka. Basi, ulikuja kumshika mama mkono, na hilo mimi sikulaumu.

Na usijipime kwa jirani aliyekwenda kusoma, akakaa kupita wewe, na viza akapata. Wanafunzi huandikiwa D/S, yaani muda wote wa masomo, badala ya tarehe, na siku zao kwa kawaida hazihesabiwi mpaka idara ya uhamiaji au jaji atamke.

Kilichobaki ni kuomba msamaha kwa fomu ya I-601, baada ya mahojiano ubalozi wa Marekani, Gigiri, afisa akishakwambia umezuiwa. Atakayekuuzia I-601A mkimbie. Ile ni ya walio bado ndani ya Marekani. Na dhiki inayopimwa ili usamehewe si yako, ni ya mkeo, tena iwe kubwa kupita ile ya kukukosa tu.

Nilikuwa mkalimani wa wakili mmoja Minneapolis. Siku moja mama wa Kikenya akaja na boksi la viatu limejaa picha za harusi na kadi za mapenzi. Wakili akalisukuma pembeni taratibu, akamuuliza, "Dawa za mama yako nani huzichukua?" Yule mama akaanza kulia, kisha akafungua mkoba akatoa risiti za famasia, barua ya daktari wa figo, na ratiba yake ya zamu za usiku. Kesi ilikuwa mle mkobani. Mkeo naye aanze kukusanya ya mkobani, pamoja na sababu za kweli zinazomzuia kuhamia Likoni.

Jambo moja hukuniandikia: miaka ile ulikula nini? Kama uliajiriwa, ulijazishwa fomu ya I-9, yenye visanduku vya raia, mkaazi wa kudumu, na mgeni mwenye kibali cha kazi. Uliweka alama wapi? Aliyejiita raia, I-601 haimwokoi. Nimeona wanaume wazima wakifumba macho ofisini, wakijaribu kukumbuka kalamu ilitua wapi kwenye kaunta ya ghala, saa kumi na moja alfajiri. Likumbuke hilo, umwambie wakili wa uhamiaji kabla mkeo hajalipa ada nyingine.