Utao una makuhani na mihuri

Swali lenu la wiki hii lilituuliza wasomaji kama Utao wa Wachina ni dini au ni falsafa tu. Jibu langu ni kwamba ni dini, tena dini kamili yenye makuhani, sikukuu, ibada na maandiko, na kwamba falsafa inayosifiwa sana nje ya China imo ndani yake kama sehemu mojawapo. Wengi wanaoshikilia kuwa ni falsafa wamesoma Daodejing, kitabu chembamba chenye sura 81 kinachohusishwa na Laozi, mwenye hekima wa kale wa China, wakaishia hapo. Kitabu hicho ni kizuri, na fundisho lake la wuwei, yaani kuacha kuyalazimisha mambo yaende kinyume cha mwendo wake, linastahili sifa linazopewa. Hata hivyo, mkusanyo mkuu wa maandiko ya Utao, uliokamilishwa mwaka 1445 chini ya utawala wa Ming, umejaa taratibu za ibada, sala, talasimu, tiba na maelezo ya ulimwengu wa miungu, na anayeupuuza hawezi kusema kwamba anaufahamu Utao.

Kwa masimulizi ya Watao wenyewe, mwaka 142 Laozi, ambaye wakati huo alikwisha kuabudiwa kama mungu, alimtokea Zhang Daoling mlimani huko Sichuan na kufanya naye agano. Jumuiya iliyotokana na agano hilo ilijulikana pia kwa pishi tano za mchele ambazo waumini walitakiwa kutoa, na mjukuu wa Zhang Daoling, Zhang Lu, aliitawala nchi ya Hanzhong mpaka aliposalimu amri kwa mbabe wa vita Cao Cao mwaka 215. Ugonjwa ulihesabiwa kuwa tunda la makosa. Mgonjwa aliingizwa katika chumba cha utulivu ayatafakari aliyoyatenda, kisha jina lake na maneno ya toba yakaandikwa katika nakala tatu: moja ikawekwa mlimani kwa ajili ya mbingu, nyingine ikafukiwa kwa ajili ya ardhi, na ya tatu ikazamishwa kwa ajili ya maji.

Nimelitaja jambo hilo kwa makusudi, kwa kuwa imani hii imejengwa juu ya maandishi rasmi. Mbingu ya Watao ina wakubwa na wadogo, vyeo na idara, mfano wa dola ya kifalme ya China yenyewe, na kuhani ndiye ajuaye barua iandikwe vipi na ipelekwe kwa nani. Katika ibada kubwa ya jiao, ambayo huko Taiwan huweza kuchukua siku kadhaa, kuhani husoma hati yenye majina ya waumini, mahali wanapoishi, tarehe na ombi lao. Hutembea kwa hatua za kuchechemea zinazofuata mpangilio wa nyota saba za kaskazini, hatua zinazopewa jina la Yu, mfalme wa kale anayesimuliwa kuwa aliyadhibiti mafuriko, na hatimaye hati iliyogongwa mhuri huchomwa moto ili ifike inakokwenda. (Mungu wa Jikoni, anayepakwa asali mdomoni kabla ya Mwaka Mpya ili akaseme mema mbinguni kuhusu familia, wataalamu hubishana kama ni wa Utao au wa dini ya wananchi kwa jumla, lakini wanaompaka asali hawaoni haja ya ubishi huo.)

Wapo watakaosema kwamba haya ni uchafu uliokuja kuifunika hekima safi ya Laozi. Hiyo ilikuwa hoja ya wasomi Wakonfusio, yaani wafuasi wa Confucius, waliowadharau makuhani, na wasomi wengi wa Ulaya wa karne ya 19 waliipokea bila kuipima. Kwa kweli, tafakuri na ibada huishi pamoja. Watawa wa Quanzhen, tawi lililoanzishwa na Wang Chongyang katika karne ya 12, hawaoi, hawali nyama, na hujizoeza kutuliza pumzi na moyo. Mwanafunzi wake, Qiu Chuji, alipoulizwa na Genghis Khan, mtawala wa Wamongolia, mwaka 1222 kama ameleta dawa ya kuishi milele, alijibu kwamba zipo njia za kuutunza uhai lakini dawa hiyo haipo. Lilikuwa jibu la kijasiri, na laiti watawala kadhaa wa nasaba ya Tang, waliomtangulia kwa karne kadhaa, wangelisikia neno kama hilo kabla ya kunywa vidonge vya zebaki ili waishi milele!

Leo serikali ya China inautambua Utao kuwa mojawapo ya dini tano rasmi, na makao ya chama chake cha kitaifa, kilichoundwa mwaka 1957, yako katika hekalu la Baiyun Guan mjini Beijing. Makuhani wa tawi la Zhengyi, ambao huoa na kuishi nyumbani na familia zao, bado hupewa daraja katika mlima Longhu, mkoani Jiangxi. Huko kila mmoja hukabidhiwa orodha ya roho anazoruhusiwa kuziamuru, na kwa itikadi yao, asiye na orodha hiyo akituma hati mbinguni haipokelewi.