Krisantemu kuchanua zikiwa fupi

Dada wa Kadutu, umeuliza kwa nini krisantemu zako zinachanua zingali fupi. Si mbolea. Ua hili huhesabu giza: usiku ukiwa mrefu, huanza kuchanua. Na hapa Bukavu usiku huchukua karibu saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo linatoa vichipukizi vya maua mapema mno. Ukate usiku katikati: washa taa kuanzia saa 4 hadi saa 8 usiku, kila siku, mpaka mashina yafike urefu wa mkono wa mbele. Umeme wetu unaujua, basi weka betri ya sola, maana usiku kadhaa wa giza huharibu kazi yote! Kisha zima kabisa. Subiri maua wiki 8 hadi 10 hivi. Taa ya jirani nayo iangalie, inachelewesha sana.