Damu ya bluu, na mengine niliyojifunza kwa kufundisha baiolojia na projekta

Mwaka wangu wa tatu kazini nilipata projekta. Ya shule, si yangu, na ilikuwa imekaa kabatini kwa mkuu wa shule ikisubiri wageni. Nikaiazima, nikaziba madirisha kwa khanga mbili na shuka, nikawawekea Kidato cha Pili video ya moyo ya dakika 40. Darasa likatulia tuli. Nikatoka kifua mbele.

Kesho yake binti wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, ile damu ya bluu, mtu akijikata inageukaje nyekundu?"

Nilidhani utani. Nikakusanya madaftari, nikakuta karibu nusu ya darasa wameandika kwamba binadamu ana damu za rangi mbili. Video haikusema hivyo. Ilipaka tu rangi, kama vitabu navyo vinavyopaka, na hakuna aliyewaambia kwamba bluu ni alama ya mchoraji, kwamba damu iliyopungukiwa oksijeni ni nyekundu iliyokolea, basi. Wa kuwaambia nilikuwa mimi, nami nilikaa nyuma nikisahihisha madaftari ya darasa jingine.

Tangu siku hiyo video kwangu haizidi dakika nne, na njiani inasimama mara mbili tatu. Naisimamisha pale vali, yaani mlango wa damu ndani ya moyo, inapotaka kufunguka, nauliza: damu itaelekea wapi? Kila mmoja anaandika jibu lake kabla sijabonyeza. Wakikosea ndiyo vizuri, maana sasa wanaangalia kwa hamu ya kujua walikosea wapi.

Sauti naizima. Msimulizi anamwaga Kiingereza cha Marekani mbio mbio, na hawa watoto juzi tu walikuwa shule ya msingi wakisoma kwa Kiswahili. Wanahangaika na lafudhi, picha inawapita. Nasimulia mwenyewe, taratibu, kwa istilahi zilezile watakazozikuta kwenye mtihani. Video yenye maandishi marefu ambayo msimulizi anayasoma neno kwa neno, siitumii kabisa. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, amefanya majaribio mengi juu ya jambo hili: picha na sauti husaidiana, ila ukiongeza na maandishi yaleyale kwa mpigo unamlemea anayejifunza.

Halafu waambie video inadanganya wapi. Rangi nimeshaitaja. Muda ndio mbaya zaidi. Mitosisi, yaani seli kugawanyika, wanayoiona kwa sekunde 20, kwenye seli ya binadamu huchukua kama saa nzima, na maandalizi ya kabla yake ni saa nyingi zaidi. Siku hizi, kabla ya kuwasha, naandika ubaoni muda halisi, ukubwa halisi, rangi halisi. Na zile video za ndani ya seli ambamo protini zinaelea kwenye nafasi tupu kama samaki wawili baharini! Ndani ya seli kumebanana kama daladala ya saa 12 jioni. Hilo la daladala hawalisahau.

Kwa vitu vidogo usikimbilie intaneti. Tulikuwa na hadubini moja kwa wanafunzi 60, na foleni ikifika mtu wa 20 kengele imelia. Nikaweka kamera ya simu juu ya lenzi ya hadubini ya kuchungulia, chini kukiwa na utando wa kitunguu uliotiwa tone la iodini, nikapiga picha na kuirusha ukutani. Seli zikajipanga kama matofali. Mvulana aliyemenya kile kitunguu akasimama: "Hicho changu!" Mkono utatetemeka, kwa hiyo egemeza viwiko mezani, anza na ukuzaji mdogo, sogeza simu polepole mpaka duara la mwanga lijae kwenye kioo.

Kwa uteuzi asilia, yaani viumbe vinavyofaa mazingira kusalia na kuzaana zaidi, natumia mchezo wa kompyuta wa sungura na mbwa mwitu wa PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Unaupakua mara moja, baada ya hapo hauli bando. Mengine yote pia yapakue nyumbani, uyaweke kwenye flashi mbili. Na umeme utakatika, kwa hiyo chaki iwe mfukoni.

Somo la moyo lenyewe nimeligeuza, video inakuja ya pili. Jioni ya jana yake napita buchani kuagiza moyo wa mbuzi mzima, na mishipa yake mikubwa isikatwe fupi. Usiposema mapema utapewa uliokwisha kupasuliwa. Darasani tunamimina maji kwenye aota, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni: vali zinajifunga na maji yanatuama kama kikombeni. Kisha tunaupasua, kila mtu anabana kwa vidole ukuta wa ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kushoto, halafu wa kulia. Sihitaji kuwaambia upi mnene. Nauliza tu kwa nini, mpaka mmoja aseme kwamba wa kulia unasukuma damu hapo jirani kwenye mapafu, wa kushoto mwili mzima. Hapo ndipo nawasha projekta, dakika tatu, kwa ajili ya kitu kimoja ambacho nyama ya buchani haiwezi kuwaonyesha: mwendo.

Ndoo ya maji na sabuni iwe karibu. Na moyo huo usiurudishe nyumbani kupika, umeshabanwa na watu 60.