Kutafuta Ndege Wapya Katika Miombo ya Tabora

Wapenzi wengi wa ndege wanaopanga safari nchini Tanzania huelekea kaskazini, kwenye mbuga ambako mengi huonekana kutoka dirishani mwa gari, na misitu ya miombo ya Tabora hubaki bila wageni. Kwa mtu ambaye ameshawaona ndege wa nyika na sasa anatafuta spishi mpya, ushauri wangu ni kwamba aje huku, kwa sharti kwamba akubali kubadili namna yake ya kutazama.

Ndege wadogo wa miombo hawatawanyiki msituni kila mmoja na mti wake. Nje ya kipindi cha kutaga, wengi wao hutembea kwa makundi yenye spishi nyingi tofauti, kila spishi ikitafuta wadudu kwa namna yake. Unaweza kupita chini ya mitundu na mininga kwa muda mrefu usisikie ila nyuki, kisha ghafla miti ikachangamka: mramba mweusi anadaka wadudu waliofurushwa na wenzake, vigong'ota wanapanda mashina, wengine wanapekua majani ya juu kabisa, na baada ya dakika chache kundi zima limeshahama. Wageni hukata tamaa katika ule ukimya, au hung'ang'ania ndege mmoja wakati wengine wote wanapita. Kundi likifika, waache haraka unaowajua, shughulika na sauti ngeni, na kundi likisogea, lifuate taratibu. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha kabisa, kwa kuwa hupokea mwanga vizuri kivulini na haitikisiki sana unapotazama juu.

Kuhusu majira, mimi huchagua mwisho wa kiangazi, kuanzia Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba. Wakati huo miombo huchipua majani mapya mekundu na ya rangi ya shaba hata kabla mvua haijanyesha, wadudu huongezeka, ndege wengi huimba na kujenga viota, njia bado zinapitika, na wahamiaji kutoka Ulaya na Asia huanza kuwasili. Ni kweli kwamba makundi hupungua kidogo wakati wa viota, lakini uimbaji hufidia. Anza kutembea alfajiri, maana ikifika saa nne asubuhi joto huwanyamazisha wengi.

Mwongozaji bora, kwa maoni yangu, ni mrina asali. Pitia kwanza ofisi ya kijiji, wasalimu wazee, eleza unachotafuta na mpatane malipo kabla ya kuondoka. Warina wanaijua tangu utotoni sauti ya mlembe, ndege anayewaongoza watu hadi kwenye asali. Mlembe humjia mtu, hutua kwenye tawi la karibu na kulia mfululizo kama kiberiti kinachotikiswa, kisha huruka hadi mti unaofuata akionyesha manyoya meupe ya pembeni mwa mkia, na akiona hufuati, hurudi. Dume ana koo jeusi, shavu jeupe na mdomo wa waridi. Anachotaka ni nta na mabuu ya nyuki, na warina wengi humwachia kipande cha sega; nawe usiharakishe kuondoka, kwa kuwa hapo ndipo utakapomwona vizuri kuliko popote.

Karibu na mito, kwenye vichaka vyenye kivuli, mtafute keremkerem wa Böhm, mdogo na wa kijani, mwenye utosi wa rangi ya kutu na manyoya mawili marefu mkiani. Richard Böhm alikuwa Mjerumani aliyekusanya ndege kusini mwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1880, akafariki Katanga mwaka 1884. Sehemu nzuri za namna hiyo zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019. Huko kuna mbung'o wengi, kwa hiyo usivae nguo za buluu wala nyeusi, ambazo huwavutia.

Uliza pia hali ya msitu kabla ya kufunga safari. Mahali ambapo miti mikubwa imekatwa kwa kuni za kukaushia tumbaku, ndege wengi wanaohitaji matundu ya kutagia huondoka, na hilo hunisikitisha kila ninapolikuta.

Wengi hutaka kuunganisha safari hii na ile ya kumtafuta korongo nyangumi, ndege mkubwa mwenye mdomo mpana, katika kinamasi cha Malagarasi na Moyowosi, eneo la Ramsar (ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa) tangu mwaka 2000 lenye hekta zipatazo milioni 3.25, linalofika hadi mkoa wa Kigoma. Nisingeshauri hivyo. Kinamasi kinahitaji mtumbwi, vibali na mipango yake, na anayekwenda na kurudi mbio huishia kumkosa korongo kule, na kundi la miombo huku.