Mkono umerudi, chenji imemshinda

SWALI: Daktari, babangu ana miaka 63, ni fundi cherehani hapa Majengo. Miezi minne iliyopita alipata kiharusi kidogo. Mkono ulilegea, siku ya pili ukarudi. Sasa anakosea chenji, na kanzu aliyokuwa akiimaliza kwa siku moja anaiacha nusu. Ya zamani yote anayakumbuka. Majirani wasema ni uzee, na kuna mtu anamuuzia dawa ya kusafisha mishipa. Je, apimwe akili?

JIBU: Apimwe, ila usimwambie "akili", atakataa kutoka nyumbani. Mwambie ni kipimo cha kumbukumbu na umakini.

Hayo ya zamani hayanitulizi. Kiharusi kidogo kikikuta presha ya miaka mingi, mishipa inayoumia ni ile myembamba ya ndani kabisa ya ubongo, na mara nyingi kinachotangulia kwenda ni wepesi na mpangilio: kipi kianze, kipi kifuate. Ndiyo hiyo kanzu iliyoachwa nusu. Kila wiki naletewa mgonjwa naambiwa "mkono umerudi, kapona", kana kwamba ubongo kazi yake ni kuinua kikombe. Na uzee haumnyang'anyi mtu hesabu ndani ya miezi minne!

Kipimo chenyewe cha kumbukumbu na umakini, kiitwacho MoCA, huchukua dakika 10 hivi, alama 30. Akipata chini ya 26 tunachunguza zaidi, ikiwemo tezi ya shingo, vitamini B12 na huzuni inayofuata kiharusi. Anatajiwa maneno 5 ayarudie baadaye, anachora saa. Kuna mama alizirundika namba zote 12 upande wa kulia, akanirudishia karatasi ametabasamu. Lakini apimwe kwa lugha yake. Saa inayotakiwa ni saa tano na dakika kumi. Mpimaji akitafsiri Kiingereza neno kwa neno, akasema "saa kumi na moja", mzee ataweka mshale kwenye 5, na aliyekosea si mzee.

Huyo muuzaji sasa. Mishipa si bomba la choo, haizibuliwi kwa chupa. Hatari yenyewe ni kwamba anayeinunua dawa hiyo huacha vidonge vya presha. Mashine ikisoma 128 anasema presha imekwisha, wakati vidonge ndivyo vilivyoifikisha hapo. Presha haiumi, kwa hiyo hakuna wa kumkumbusha, mpaka kiharusi cha pili, na hicho mara nyingi hakirudishi mkono. Wengi waliopata kiharusi tunataka wakae chini ya 130/80, kila siku, si siku ya kliniki tu.

Mlete na vidonge vyake vyote kwenye mfuko. Na hiyo chupa pia, niione.